Umri wa Matumbawe ya Kaloleni

Daktari Gichohi alifariki mwezi wa pili mwaka huu, na habari zilinifikia kwenye lile kundi la WhatsApp la wanafunzi wenzangu wa zamani, ambalo siku nyingine hujaa picha za wajukuu na maombi ya asubuhi. Watu waliandika pole, wakaandika apumzike kwa amani. Kufikia saa nne mtu mmoja akapachika picha ya ukurasa wa kwanza wa makala yake ya mwaka wa 1997, ile iliyompeleka kwenye mikutano ya ng'ambo, ya kukadiria umri wa maisha ya matumbawe yaliyotoweka duniani zamani sana kwa kuyalinganisha na jamaa zao walio hai. "Kazi ya kwanza ya aina yake huku kwetu," akaandika. Nilikuwa jikoni kwangu Witeithie, chai imeanza kupoa. Nilivaa miwani nikaikuza ile picha kwa vidole mpaka nikaiona namba yenyewe, arobaini na minne, imetulia mahali pake bila haya. Sikuandika pole. Mjane wake nilimpigia simu mwenyewe, tukaongea vizuri, kwa hiyo mtu asiniambie sina utu. Lakini ile namba ni yangu, tena si ya kweli, na imekaa chini ya jina la mtu mwingine muda wote huu. Nimechoka kuitazama.

Mwaka huo wa 1997 nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, niko mwaka wa mwisho chuoni, na nilikuwa nikiishi Ruiru na Wairimu, rafiki yangu aliyekuwa akisomea ualimu. Wenzetu wengi walipanga Kahawa Wendani, karibu na madarasa. Sisi tulipata chumba Ruiru katika ploti ya vyumba kumi na viwili vilivyozunguka uwanja wa saruji, bomba moja katikati, choo mwisho kabisa. Ukuta wa kati haukufika juu, kwa hiyo tuliishi pia na mambo ya majirani: mtoto wa chumba cha tano akikataa uji, mume wa chumba cha saba akieleza kwa nini hakupita sokoni. Vitanda viwili, meza moja, jiko la mafuta ya taa chini ya dirisha. Tulipika githeri, mahindi na maharagwe, Jumapili, tukaikaanga upya kila siku mpaka Jumatano, na avokado ikipatikana tulijiona matajiri. Nikisikia leo harufu ya mafuta ya taa na kitunguu kwa pamoja, narudi kwenye kile chumba kabla sijajua nimerudi.

Jambo lote lilianzia kwa kuku. Mwenye ploti, mama mmoja mnene aliyeitwa na kila mtu Mama Ploti, alifuga kuku wa mayai nyuma ya choo, na alikuwa akiwapa chokaa iliyopondwa ili mayai yawe na ganda gumu. Asubuhi moja nikipita na ndoo niliona kwenye kopo la kuku kipande cha jiwe chenye nyota ndogondogo zilizopangana, kila nyota sawa na punje ya mtama. Nikaweka ndoo chini. Nilikuwa nimeziona nyota hizo kwenye picha ya kitabu. Kila nyota ni nyumba ya kinyama kimoja cha baharini, na nyota zote pamoja ni tumbawe, mamia ya vinyama vilivyoshikana na kujenga mwili mmoja wa mawe. Nilikuwa Ruiru, katikati ya kahawa, na kuku walikuwa wakidonoa bahari iliyokauka kabla mtu yeyote hajaumbwa. Mama Ploti aliponikuta nimechutama pale alisema, "Nyambura, ukitaka mayai sema tu, usiibie kuku chakula." Nilimuuliza hiyo chokaa hutoka wapi. Thika, akasema, kwa Mama Saida wa Majengo.

Mama Saida alikuwa mama wa makamo, baba yake mtu wa Thika na mama yake wa Kilifi, mwenye uwanja nyuma ya msikiti ambako lori lilimwaga mizigo ya aina mbili. Ya kwanza ni mawe ya chokaa yaliyochimbwa bara ya pwani, huko Kaloleni, mawe ya zamani mno, yenye matumbawe ya jamii zisizoishi tena popote. Ya pili ni makombe na matumbawe ya juzijuzi yaliyotupwa ufuoni, ambayo kaka yake alikusanya na kumtumia. Wanawake sita walikaa juu ya magunia wakiyaponda yote kwa nyundo, kisha wakayachekecha kwa ajili ya viwanda vya chakula cha kuku. Nilipomweleza ninachotaka alinitazama viatu kwanza. "Chagua mawe yako," akasema, "lakini hapa hakuna mtu anakaa bure. Shika nyundo." Kwa hiyo kila Jumamosi kuanzia mwezi wa tatu nilikaa katikati ya wale wanawake nikiponda na kuchagua. Walizungumza juu ya waume, na kwaya, na mfungo, na dada wa fulani aliyehamia Murera akajenga bila kumwambia mumewe. Mchana tulikula wali na maharagwe kwa sinia moja, Waislamu na Wakristo, mikono ikiwa bado ina vumbi jeupe. Njeri, aliyekaa karibu nami, aliwahi kuniambia, "Hiyo mawe unaiangalia vile mtu anaangalia bwana harusi." Sikukana.

Swali langu nilijua nitalieleza vipi kwa sababu niliishi ndani yake. Ukiuliza tumbawe huishi muda gani, lazima kwanza useme unauliza nani. Kile kinyama cha ndani ya nyota huishi miaka michache kikafa, mwenzake akachipuka akajenga juu yake. Lakini mwili wote unaendelea. Ndivyo ilivyokuwa ploti yetu: wapangaji walikuja na kuhama, chumba cha tisa kilibadilisha watu mara tatu nikiwa pale, na ploti ikabaki ploti. Mimi nilitafuta umri wa ploti. Tumbawe likikua huacha tabaka nyepesi na tabaka nzito, kwa zamu, msimu baada ya msimu, na ukilikata kutoka chini hadi juu unaweza kuzihesabu. Fundi wa Thika aliyekata mawe ya makaburi alinikatia jiwe langu kubwa la Kaloleni, nami nikalisugua kwa msasa na maji kwenye uwanja wa ploti mpaka Mama Ploti akalalamika kwamba namaliza saruji yake. Tabaka zilionekana kwa macho. Jozi themanini na nane, na kileleni jiwe lilikuwa limevunjika, kwa hiyo huenda zilikuwa zaidi.

Sasa ili kujua jozi moja ni muda gani ilinibidi niwaulize jamaa walio hai, yale matumbawe ya ufuoni, ambayo tabaka zake hazionekani bila eksirei. Nilikwenda kwenye kliniki ndogo Ruiru, nikampata kijana wa eksirei ambaye hakuwa na mgonjwa asubuhi hiyo. Alikubali, ila fomu lazima ijazwe. "Jina la mgonjwa?" Tumbawe. "Umri?" Nikamwambia hilo ndilo tunalotafuta. Akaandika "mtu mzima" akanipa picha. Tabaka zilikuwapo, zimepangana vizuri kama zile za mawe ya kale. Kilichobaki, yaani jozi moja ni muda gani, kilikuwa kwenye makala moja tu ya maktaba ya chuo, na nilipoifungua nilikuta mtu amekata kurasa za katikati kwa wembe, kama walivyokuwa wakifanya miaka ile kabla ya mitihani. Zilibaki mwanzo na mwisho. Mwanzo ulisema kila jozi ya tabaka hufuata majira ya mwaka. Basi.

Majira ya mwaka. Mimi ni Mkikuyu wa bara na mwaka wangu una mvua mbili. Kuna msimu wa njahi, mvua ndefu, na kuna msimu wa mwere, mvua fupi. Unapanda mara mbili, unavuna mara mbili. Sikusimama hata dakika moja kujiuliza. Mvua na kiangazi, jozi moja. Mvua na kiangazi tena, jozi ya pili. Hapo mwaka umeisha. Niligawa themanini na nane kwa mbili nikapata arobaini na minne, nikaandika kwa kalamu nyekundu na kupiga mstari chini. Nilimpelekea Daktari Gichohi, msimamizi wangu, aliyezaliwa upande wa Gatundu na kupanda mahindi utotoni kama mimi. Naye hakujiuliza. Alisoma, akavua miwani, akanyanyuka akanishika mkono, jambo ambalo hakuwa akimfanyia mwanafunzi. Idara nzima ilisoma, wote watu wa milimani, na hakuna hata mmoja aliyeuliza kama huko baharini kuna mwere. Hili ni kosa la watu wa huku, na mpaka leo likinijia usingizini nacheka kwanza kabla ya kukasirika.

Mwezi wa saba Daktari aliniita akanionyesha makala, imepigwa chapa safi, tayari kwenda kwenye jarida. Hesabu zangu, mchoro wangu, jiwe langu. Jina lake. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, aliwashukuru "wanafunzi wa idara". Nilipaswa kusema kitu siku ile. Badala yake nilisema asante, kwa sababu pia aliniambia kulikuwa na nafasi moja ya kwenda kusoma shahada ya pili ng'ambo, na kwamba idara ingemsikiliza yeye. Nilitembea mpaka Ruiru nimejaa furaha ya kijinga. Wairimu alikaanga mayai manne, tukaanza kuzungumza juu ya theluji. Nafasi ile niliitaka sana, nitasema wazi. Niliitaka kuliko kitu chochote nilichowahi kutaka, na nilikuwa nimeshaanza kuaga watu kimoyomoyo.

Ilikuwa mwezi wa tisa Mama Saida aliponiita kando, tumemaliza kula. Kaka yake alikuwa ametuma tumbawe lenye ukubwa wa boga, na katikati yake mlikuwa na kipande cha chuma chenye kutu. "Hii nilikuwekea," akasema. "Kaka yangu anasema imetoka kwa vyuma vya gati pale kwetu, wamebomoa wanajenga mpya. Hivyo vyuma mimi nimeona vikiwekwa. Nilikuwa nimeenda kwa mama kujifungua Saida, nilikuwa nakaa barazani na tumbo hivi, wanaume wanapiga nyundo." Nikamuuliza gati lilibomolewa lini. Mwaka huu, akasema, mwezi wa kwanza, shule zikifunguliwa, Saida akiingia darasa la tatu. Na Saida ana miaka mingapi? "Ametimiza tisa." Nililibeba lile tumbawe mapajani kama mtoto mpaka kwa fundi wa makaburi, kisha Jumatatu kwa kijana wa eksirei. Jozi zilikuwa nane. Miezi ya kwanza chuma kilikuwa kitupu, hilo lilieleweka. Jozi nane, miaka minane na kitu. Kwa hesabu yangu ilipaswa kuwa miaka minne, na Saida hakuingia darasa la tatu akiwa na miaka minne.

Nilirudi Thika bila kungoja Jumamosi. Mama Saida alikuwa akichekecha. Nikamuuliza, mama, kule kwenu baharini joto huja mara ngapi kwa mwaka? Alinitazama kama nimemuuliza ana pua ngapi. "Maji yanapata moto mara moja, kisha yanapoa mara moja. Kwani huko chuo hamjui?" Njeri akasema, "Na mvua je?" Mama Saida akamjibu, "Samaki ananyeshewa?" Wale wanawake walicheka, nami nikakaa juu ya gunia nikashika kichwa. Jozi moja ni mwaka mmoja. Tumbawe langu la Kaloleni halikufa na miaka arobaini na minne. Liliishi si chini ya themanini na minane. Nilikuwa nimelipunguzia maisha nusu nzima kwa sababu kwetu hupandwa maharagwe mara mbili.

Daktari alinisikiliza mpaka mwisho, hilo siwezi kumnyima. Aliziweka zile picha mbili za eksirei dirishani, akahesabu kwa ncha ya kalamu, na najua aliona. Kisha akazirudisha ndani ya bahasha. "Nyambura, sikiliza. Hii kitu imeshaenda kwa printa. Nimealikwa kuisoma mbele ya watu. Wewe kwa tasnifu yako acha vile iko, tutarekebisha baadaye." Nikauliza baadaye ni lini. "Baadaye," akasema. "Wewe si unataka kwenda?" Jioni ile Wairimu alikuwa akipiga pasi blauzi yangu ya mahojiano ya mwisho, ile ya kujitetea mbele ya watahini. "Aki Nyambura, si ukubali tu," akasema. "Nani ataumia? Hiyo kitu ilikufa kabla ya Adamu." Nikamwambia ndiyo maana. Mtu aliye hai ukimpunguzia umri atakubishia. Tumbawe hili halina mdomo. Lina mimi tu, na mimi nimelihesabu kwa kidole changu jozi baada ya jozi. Wairimu akasema basi aongeze wanga kwenye kola, kama nitafukuzwa nifukuzwe nikiwa nadhifu. Nilimpenda sana msichana yule, na bado nampenda.

Yaliyofuata baada ya mahojiano hayo nitayataja sasa ili yasinisumbue mbele. Nilipata pasi, daraja la mwisho kabisa ambalo bado huitwa shahada. Nafasi ya ng'ambo ilikwenda kwa kijana mwingine, mtu mzuri, aliyekuwa akichunguza minyoo ya kahawa. Nimefundisha biolojia shule ya sekondari hapa Witeithie tangu wakati huo, na wanafunzi wangu wote, hata walioishia kuuza mitumba, wanajua kwamba mwaka wa bahari si mwaka wa shamba. Watu huniuliza kama najuta. Kuna siku niliumia, kuna miaka niliumia, hasa nilipokuwa nikisahihisha madaftari mia mbili huku nikijua ni maabara gani ningekuwamo. Kuumia ni kitu kimoja na kujuta ni kingine. Wale wanaoandika leo kwenye simu kwamba Daktari alikuwa mwalimu wangu wanasema kweli. Alinifundisha kushika kipande cha jiwe na kukitaka kiseme. Kilipoanza kusema, yeye ndiye aliyetaka kukiziba mdomo.

Siku yenyewe ya kujitetea ilikuwa mwezi wa kumi, na ile mvua ambayo baadaye kila mtu aliiita Elnino ilikuwa imeanza kuonyesha nia. Nilifika na viatu vya matope, kola ngumu. Watahini walikuwa watatu: mwenyekiti wa idara, profesa mmoja mama aliyetoka chuo kingine, na Daktari Gichohi. Tulizungumza Kiingereza, lakini mimi nakikumbuka kikao chote kwa Kiswahili. Nilieleza jiwe, nyota, tabaka, kisha nikafika kwenye umri nikasema si chini ya miaka themanini na minane. Mwenyekiti akafunua kurasa. Kwenye nakala zao ilikuwa bado arobaini na minne, kwa sababu nilizikabidhi kabla ya chuma cha Mama Saida, na Daktari alikataa kupokea nyingine. Yule profesa akauliza nilijuaje kuwa nimekosea. Nikaweka mezani eksirei, nikataja gati, nikamtaja Mama Saida kwa jina, na darasa la tatu la binti yake. Mwenyekiti alitabasamu. Akauliza kama natambua kwamba napingana na makala ya msimamizi wangu kwa ushahidi wa muuza chokaa. Nikasema ndiyo, natambua, na kwamba kati yetu sote tulioigusa namba hiyo ni huyo muuza chokaa peke yake aliyeijua bahari.

Hapo Daktari alizungumza kwa mara ya kwanza. Hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa gumu zaidi. "Nyambura," akasema kwa upole kabisa, "kaa chini, pumua, ufikirie." Kiti kilikuwa nyuma yangu. Ningekaa kwa furaha. Nikabaki nimesimama. Nikasema, "Hiyo arobaini na minne niliitoa mimi, Ruiru, kwenye chumba changu, kwa mkono wangu. Daktari aliichukua wakati ilionekana ni sawa, na mimi nikanyamaza. Sasa ni kosa. Kosa ni langu, naomba nirudishiwe." Yule profesa aliniuliza nirudishiwe nilifanyie nini. Nikasogea mezani, nikachukua nakala iliyokuwa mbele ya Daktari Gichohi, nikaomba kalamu kwa mwenyekiti, naye akanipa bila kujua kwa nini. Nikaikata ile namba kwa mstari mmoja. Juu yake nikaandika themanini na minane kwa maneno, ili mtu asiigeuze. Halafu pembeni nikaandika majina yangu, yote matatu, polepole, wote watatu wakinitazama, nikamrudishia Daktari nakala yake.